Maradhi Sugu ya Mapafu: Huduma ya Kituo cha Karibu, Moshi wa Jikoni na Hukumu ya Inhela kwa Mwenye Kufunga



Katika masuala yanayotufikia kila unapokaribia mwezi wa Ramadhani, lipo moja linalorudi kila mwaka. Mzazi kifua kinambana, daktari amempa inhela, naye hataki kuivuta mchana kwa kuiogopea saumu yake. Wengine huiacha mwezi mzima, na baadhi yao huishia hospitali kabla ya kumi la mwisho. Suala ni la fiqhi, lakini halijibiki vizuri mpaka tujue kwanza maradhi yenyewe ni yapi, dawa yake inafanya kazi gani, na nani anamuangalia mgonjwa katika miezi mingine kumi na moja. Kwa hiyo tutaanza kwenye kituo cha afya, tupite jikoni, kisha ndiyo tufike kwenye hukumu.

Kwa nini mfano wa Rwamishenye

Rwamishenye ni kata ya Manispaa ya Bukoba, mkoani Kagera, magharibi ya Ziwa Viktoria. Kusini yake ndiko iliko wilaya ya Muleba. Waislamu wa huko na watu wa pwani wana udugu wa siku nyingi. Wafanyabiashara wa pwani walikwishafika Karagwe katika karne ya 19 na wakaweka kituo chao Kafuro.

Tumeichukua Rwamishenye kwa sababu huko linaonekana wazi jambo ambalo visiwani limejificha. Bukoba ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi Tanzania, karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Asubuhi kuna baridi, kuni huwa na unyevu, na ndizi na maharage, ambacho ni chakula cha kila siku cha Wahaya, hutaka moto wa muda mrefu. Katika nyumba za zamani za msonge moto ulikuwa ndani. Leo jiko limetoka nje, lakini mara nyingi ni kibanda cha mafiga matatu chenye mlango mmoja, na mvua ikinyesha mlango huo hufungwa. Mwanamke aliyeanza kupika akiwa na miaka kumi, akifika hamsini amekwishavuta moshi kwa miaka arobaini bila ya kugusa sigara hata siku moja.

Tuseme basi kuna mama wa Rwamishenye wa miaka hamsini na tano. Anakohoa kila asubuhi. Njia ya kupanda nyumbani, aliyokuwa akiipanda na ndoo kichwani, sasa hupumzika mara mbili. Amepewa dawa za kikohozi, amepewa antibiotiki, ameambiwa ni uzee. Huyu ndiye tutakayemfuata katika makala haya, na msomaji wa Makunduchi au Wete amuweke mama yake mzazi mahali pake.

Maradhi haya ni yapi

Tunaposema maradhi sugu ya mapafu tunakusudia hasa mawili.

La kwanza ni pumu. Njia za hewa hujaa uvimbe na kukaza, kisha huachia. Aghlabu huanza utotoni, huja na kuondoka, huzidi usiku na alfajiri, na huchokozwa na vumbi, moshi, baridi, mafua au harufu kali. Baina ya shambulio na shambulio mtu anaweza kuwa mzima kabisa.

La pili ni ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ambao madaktari huuandika kwa herufi COPD. Huu huja polepole, kwa kawaida baada ya miaka arobaini, kwa mtu aliyevuta sigara au moshi wa kuni au vumbi la kazini kwa muda mrefu. Njia za hewa huwa zimeharibika, na dawa huzipanua kiasi lakini hazirudi kama zamani. Kifua kikuu nacho, hata kikishapona, huweza kuacha makovu yanayomfanya mtu apumue kwa shida maisha yake yote.

Maradhi haya si machache. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa COPD iliua watu milioni 3.5 duniani mwaka 2021. Katika nchi jirani ya Uganda, wilayani Masindi, watafiti waliwapima watu 588 wenye umri wa zaidi ya miaka 30. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionesha kuwa asilimia 16.2 walikuwa na ugonjwa huu, na kundi lililokuwa na wagonjwa wengi zaidi lilikuwa la wenye umri wa miaka thelathini na kitu. Utafiti mwingine wa kijijini Tanzania, uliochapishwa mwaka 2018, ulipata asilimia 17.5. Katika sehemu zote mbili karibu kila nyumba ilipikia kuni au mkaa.

Basi mama yetu wa Rwamishenye si mzee tu. Ni mgonjwa, na ugonjwa wake una jina.

Kituo cha karibu kinaweza kufanya nini

Watu wengi hudhani maradhi ya mapafu ni ya daktari bingwa: mgonjwa wa Muleba apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Bukoba au Bugando kule Mwanza, na wa Pemba avuke bahari kwenda Mnazi Mmoja. Wapo wanaohitaji hivyo. Lakini sehemu kubwa ya kazi ni ya zahanati na kituo cha afya, kwa sababu maradhi haya hayataki ziara moja kubwa, yanataka ziara ndogo ndogo kwa miaka mingi. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa huduma za msingi za maradhi yasiyoambukiza kwa vituo visivyo na vifaa vingi, na pumu na COPD yamo ndani yake. Mambo yenyewe ni haya.

*Kwanza, kuondoa shaka ya kifua kikuu.* Kikohozi kikipita wiki mbili, makohozi yapimwe. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Wapo wanaokimbia kipimo hiki kwa kuona haya, na hiyo ni haya isiyokuwa mahali pake, kwani anayeficha huambukiza wajukuu anaolala nao.

*Pili, kuuliza historia.* Kikohozi kilianza lini? Kinakuja na kuondoka au kipo daima? Mgonjwa anapikia nini, anafanya kazi gani, anavuta nini? Huko Kagera swali la kazi linahusu pia kahawa: watafiti wa Chuo Kikuu cha Muhimbili wakishirikiana na wenzao wa Norway walichunguza viwanda vya kahawa vya Tanzania, vya robusta na arabika, na wakaona wafanyakazi wa vumbi hilo wana dalili nyingi zaidi za kifua kuliko wenzao wa kazi nyingine. Kwetu visiwani maswali ni ya matanuri ya chokaa, majiko ya mikate na wapishi wa shughuli.

*Tatu, vipimo vidogo.* Kipimo cha oksijeni cha kidoleni hutoa jibu kwa dakika moja. Kipo pia kifaa cha plastiki ambacho mgonjwa hupuliza kwa nguvu zake zote, kikaonesha kasi ya pumzi. Hupuliza, huvuta salbutamol, husubiri dakika kumi na tano, hupuliza tena. Kasi ikipanda kwa asilimia 20 au zaidi, inaelekea ni pumu. Isipopanda sana, na mgonjwa ni mtu mzima wa moshi au sigara, inaelekea ni COPD. Kipimo kamili cha kuthibitisha ni spirometa, na hicho ndicho cha kuombea rufaa.

*Nne, moyo.* Miguu ikivimba, au mgonjwa akishindwa kulala chali, moyo nao uchunguzwe, kwani kukosa pumzi si kwa mapafu peke yake.

Dawa: ya kufungua na ya kuzuia

Hapa ndipo familia nyingi zinapochanganyikiwa, kwa hiyo tunaomba pasomwe polepole.

Inhela ya salbutamol, ambayo mara nyingi ni ya buluu, ni dawa ya kufungua. Hulegeza misuli ya njia za hewa kwa dakika chache, na faida yake humalizika baada ya saa chache. Haiondoi uvimbe.

Inhela yenye dawa ya jamii ya steroidi, kama beklometasoni au budesonidi, ni dawa ya kuzuia. Hutuliza uvimbe kidogo kidogo kila siku. Mgonjwa haoni tofauti siku ya kwanza, na ndiyo maana wengi huiacha. Mwenye pumu akiacha ya kuzuia na kushikilia ya kufungua tu, huwa anapunguza kelele za kifua huku uvimbe unazidi ndani. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haupendekezi tena mtu mzima atibiwe kwa salbutamol peke yake. Siku hizi ipo pia inhela moja yenye budesonidi na formoteroli, inayofanya kazi zote mbili. Mwenye COPD nguzo ya tiba yake ni dawa za kupanua njia ya hewa; steroidi ya kuvuta hupewa baadhi yao tu, kwa uamuzi wa daktari.

Yapo maneno yanayosemwa mitaani ambayo lazima yajibiwe. Inaambiwa kuwa inhela inazoeleka, na aliyeianza hatoki. Si kweli. Mgonjwa haizoei inhela kama mvutaji anavyoizoea sigara. Ugonjwa ni wa kudumu, kwa hiyo dawa nayo ni ya kudumu, kama ya presha au sukari. Inaambiwa pia kuwa inhela ni ya mtu wa kufa. Kinyume chake, inhela inapeleka dozi ndogo sana moja kwa moja kwenye mapafu, ilhali vidonge vya salbutamol hupita mwili mzima, mikono ikatetemeka na moyo ukaenda mbio.

Alama ya kuangalia nyumbani ni hii: chupa ya salbutamol huwa na mivuto kama 200. Mwenye pumu akimaliza chupa tatu au zaidi kwa mwaka, pumu yake haijadhibitiwa, na arudi kituoni hata kama hajapata shambulio.

Namna ya kuvuta

Dawa nzuri iliyovutwa vibaya huishia mdomoni na kooni. Tikisa inhela. Toa pumzi yote. Funga midomo barabara. Bonyeza mara moja huku ukivuta pumzi polepole na kwa kina, kisha zuia mpaka uhesabu kumi. Ukitakiwa mvuto wa pili, subiri kidogo na utikise tena. Baada ya dawa ya steroidi sukutua kwa maji na uyateme, usije ukapata utando mweupe mdomoni.

Watoto na wazee wengi hawawezi kulinganisha kubonyeza na kuvuta. Hao wanahitaji kopo la kuvutia, ambalo hushika dawa wakaivuta kwa pumzi tano au sita za kawaida. La dukani ni ghali. Lakini watafiti wa Cape Town walionesha mwaka 1999, katika jarida la Lancet, kuwa chupa ya plastiki ya soda ya nusu lita iliyotobolewa kitako kwa umbo la mdomo wa inhela na kuzibwa vizuri pembeni inawafaa watoto wenye pumu sawa na kopo la kununua. Muulize muuguzi akuoneshe. Hakuna nyumba ya Rwamishenye wala ya Mkoani iliyokosa chupa ya nusu lita.

Siku ya hatari

Mgonjwa asiyeweza kumaliza sentensi moja kwa pumzi moja, mwenye midomo iliyobadilika rangi, aliyechanganyikiwa au anayesinzia, au mwenye oksijeni chini ya 90 kwenye kipimo, huyo ni wa dharura. Akae wima, asilazwe. Apewe salbutamol kwa kopo au chupa, mivuto minne hadi kumi, irudiwe kila dakika ishirini katika saa ya kwanza, na wakati huo huo gari liwe limekwishaitwa. Asingojwe mpaka alfajiri, na asisubiriwe mume arudi ndipo atolewe nyumbani. Akifika kituoni, jamaa waseme mapema kama ana COPD, kwa sababu oksijeni yake hulengwa baina ya asilimia 88 na 92. Ikizidishwa sana inaweza kumdhuru.

Kila nyumba yenye mgonjwa ijue mapema mambo matatu: kituo gani hufanya kazi usiku, nani ana chombo cha kusafiria, na inhela imewekwa wapi.

Moshi

Hakuna inhela inayoshinda jiko linalomrudisha mgonjwa kwenye moshi mara tatu kwa siku. Serikali ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa miaka kumi, na lengo lake ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Kwa familia isiyoweza gesi ya kila siku, zipo hatua zinazopunguza madhara: kuni zikaushwe juu ya dari kabla ya kutumika, jiko liwe na matundu pande mbili, maharage yalowekwe tangu usiku ili moto upungue, watoto wasikae jikoni, na mwenye ugonjwa apokewe kazi ya moto na wengine. Lakini tusidanganyane. Utafiti mkubwa uliofanyika Malawi na kuchapishwa katika Lancet mwaka 2017 ulionesha kuwa kugawa majiko bora peke yake hakukupunguza homa ya mapafu kwa watoto. Moshi una milango mingi, na kuziba mmoja hakutoshi.

Visiwani milango hiyo tunaijua. Makumbi na vifuu hutumika kuwashia moto. Pilau za harusi na hitma hupikwa kwa kuni na wanawake walewale kila wiki. Takataka huchomwa nyuma ya nyumba jioni, na chumbani huwashwa dawa ya mbu ya kuchoma. Sigara ya baba inavutwa na nyumba nzima. Na liko jambo ambalo sisi watu wa visiwani hatupendi kuambiwa: udi na ubani. Manukato ni mazuri na Mtume (s.a.w.) aliyapenda, lakini chetezo kikiingizwa katika chumba kilichofungwa alimolala mwenye pumu, kinaweza kumpeleka hospitali. Mafuta ya manukato, yakiwa mepesi na hayamdhuru mgonjwa, yanatosha mahali pa moshi. Hali kadhalika mafusho na nyungu: kumfunika shuka mtu asiyekuwa na pumzi na kumfukizia moshi ni kumzidishia. Kisomo cha Qur'ani kina baraka, na ruqya ya kisheria inafaa, lakini haihitaji moshi wala haimkatazi mgonjwa dawa yake.

Mazoezi na chakula

Mwenye kukosa pumzi huogopa kutembea, akikaa misuli hudhoofu, na ikidhoofu pumzi huzidi kuwa ndogo. Hospitali ya Mulago mjini Kampala iliendesha mafunzo ya wiki sita ya mazoezi kwa wagonjwa wa mapafu, wakiwemo waliowahi kuugua kifua kikuu, na matokeo yakawa mazuri kwa wengi waliomaliza. Nyumbani inatosha kuanza kwa kutembea kila siku mpaka pumzi iwe fupi lakini bado mtu anaweza kusema, apumzike, aendelee. Kutembea kwenda msikitini kunahesabika humo. Mgonjwa anayekonda apewe chakula kidogo mara nyingi, kwani tumbo lililojaa hubana pumzi.

Hukumu zinazomhusu mgonjwa

*Kujitibu.* Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Usama bin Sharik (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliamrisha watu wajitibu, na akabainisha kuwa Allah hakuteremsha maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Basi asiitwe mzee mtu ambaye hajapimwa. Mwenye kutumia inhela hajapungukiwa na tawakkul.

*Sala.* Asiyeweza kusimama kwa kukosa pumzi husali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa husali kwa ubavu, kama ilivyo katika hadithi ya Imran bin Husayn (r.a.) kwa Bukhari. Maji ya baridi ya alfajiri yakimchokoza kifua apashe moto maji ya udhu. Yakimdhuru hata hivyo, na daktari mwaminifu au uzoefu ukathibitisha, anayo ruhusa ya tayammamu.

*Inhela na saumu.* Wanavyuoni wa zama zetu wamekhitilafiana. Kundi moja, wakiwemo Sheikh Ibn Baz na Sheikh Ibn Uthaymin, wanaona haibatilishi, kwa sababu ni hewa yenye dawa kidogo inayoelekea kwenye mapafu, si chakula wala kinywaji wala kilichofanana navyo. Kundi la pili, na humo wamo wengi wanaofuata msingi wa madhehebu yetu ya Shafi, wanaona inabatilisha, kwa sababu kuna kitu chenye mwili kinachoingia ndani kwa njia iliyo wazi kwa makusudi. Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, ilipokutana Jeddah mwaka 1997, ilipitisha kuwa gesi ya oksijeni haibatilishi, na suala la inhela ikaliahirisha. Mvuke wa mashine ya kupulizia dawa una maji mengi zaidi, na wanaosema unabatilisha ni wengi zaidi.

Tunachokinasihi kwa familia ni hiki. Anayebanwa na kifua mchana wa Ramadhani avute inhela yake papo hapo. Katika hili hakuna khilafu, kwa sababu mgonjwa ameruhusiwa kula kwa aya za Suratul Baqara, 184 na 185, na mwenye kuchelea kuangamia kufunga kwake ni haramu. Khilafu iko katika linalofuata tu: anayefuata kauli ya kwanza ataendelea na saumu yake, anayefuata kauli ya pili atalipa siku hiyo baadaye. Asiyetaraji kupona wala kuweza kulipa, atoe kibaba kimoja cha chakula cha watu wa mji kwa kila siku. Wote hawa hawana dhambi, na wasitiane makosani. Mwenye dhambi ya kuogopewa ni yule anayemwambia mgonjwa avumilie.

Na liko jambo lililo bora kuliko khilafu yote hii. Dawa ya kuzuia huvutwa mara moja au mbili kwa siku, nayo inaweza kuwekwa baada ya futari na kabla ya kumaliza daku. Mgonjwa ambaye maradhi yake yamedhibitiwa mara nyingi haitaji ya kufungua mchana. Basi aende kituoni tangu Rajabu au mwanzo wa Shaabani, aulize kama hali yake inaruhusu kufunga, na dozi zake zipangwe upya. Anayetibiwa vizuri Rajabu ndiye anayefunga kwa raha Ramadhani.

*Sigara na moshi wa kuwadhuru wengine.* Kanuni ya sheria ni kutodhuru na kutodhuriana. Mtume (s.a.w.) alimzuia aliyekula kitunguu thaumu kibichi kuukaribia msikiti kwa sababu ya harufu tu. Ikiwa harufu imekatazwa, moshi unaokata pumzi ya mtu una haki zaidi ya kukatazwa, msikitini na nyumbani.

Wajibu wa jamaa na msikiti

Inhela ya kuzuia haipatikani kila wakati katika kituo, na ikikosekana bei ya duka la dawa si ya kila nyumba. Hapo ndipo mgonjwa anapochagua baina ya dawa na unga. Maskini anayehitaji dawa anastahiki kupewa zaka kwa umaskini wake, na sadaka na wakfu ni milango mipana zaidi. Kamati ya msikiti inaweza kutenga fungu dogo la inhela na makopo ya kuvutia, ikishauriana na mganga mfawidhi wa kituo ili dawa itolewe kwa cheti, si kwa kugawa ovyo. Msikiti wa Rwamishenye unaliweza hili, na wa Jambiani unaliweza.

Watoto wagawane kazi kwa uwazi: nani analipia inhela kila mwezi, nani anampeleka mama kituoni, nani anapokea jiko. Anayetuma fedha kutoka Dar es Salaam au Maskati asihesabu kuwa amemaliza, na anayekaa na mzazi asiachiwe mzigo peke yake.

Maswali ya kupeleka kituoni

Tunawashauri wenye wagonjwa wakate karatasi na kuandika haya, waende nayo:

1. Ugonjwa wetu ni pumu, COPD, makovu ya kifua kikuu, au ni moyo?
2. Makohozi yamepimwa?
3. Inhela ipi ni ya kila siku na ipi ni ya shida tu?
4. Tunaomba mgonjwa avute mbele yako uone kama anavuta sawa.
5. Oksijeni yake ya kawaida ni ngapi, na ikishuka mpaka wapi tuje?
6. Dawa za steroidi za vidonge anywe lini na kwa siku ngapi?
7. Afunge au asifunge, na akifunga dozi zikae saa ngapi?
8. Turudi lini?

Mgonjwa akitoka na majibu haya manane, amepata sehemu kubwa ya alichokuwa akikifuata mbali. Maradhi haya mengi hayaponi, lakini pumzi inaweza kutosha kwa sala, kwa kazi na kwa mazungumzo ya baraza. Tunamuomba Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu wa Bukoba, Muleba, Unguja, Pemba na kwengineko, na awalipe kheri wanaowauguza.

Wallahu a'lam.